Mach 6 juu ya koni ya plastiki: kisa cha ombi moja la ruhusa ya masomo

Ombi lenyewe lilikuwa kurasa mbili. Mkufunzi wa uhandisi mitambo katika chuo kimoja hapa Unguja, mzaliwa wa Wete, yuko Uingereza mwaka wa tatu wa shahada ya uzamivu kuhusu mwendo wa haipasoniki, yaani wa mara 5 ya kasi ya sauti na zaidi, na anaomba aongezewe ruhusa ya masomo kwa miezi 9. Kamati ya mafunzo ya mwajiri wake ilikuwa inaelekea kumkatalia. Kabla ya kumjibu ilinipa faili nilisome na kutoa maoni, kwa vile nimesomesha mekanika ya maji na hewa kwa miaka mingi na sina udugu wala ubia na muombaji. Chuo sitakitaja, na mambo machache yanayoweza kumtambulisha kijana nimeyageuza kwa idhini yake.

Pembezoni mwa barua mtu alikuwa ameandika pingamizi tatu kwa kalamu nyekundu. Mada haimo katika vipaumbele vya Zanzibar. Mada ni ya makombora. Na msingi wa elimu ya muombaji ni stashahada, kwa hiyo pengine anachelewa kwa sababu mzigo umemzidi.

Kamati ilikuwa imesoma jina la utafiti na cheti cha mwanzo. Vilivyo katikati, ambavyo ndivyo vya kumpimia mwanafunzi wa uzamivu, havikuwa vimefunguliwa. Nilianza na pingamizi la tatu, maana ndilo lililonikera.

Wete, Mbweni, Dar

Kijana alisoma Wete mpaka Kidato cha Nne na kufaulu masomo ya sayansi, vizuri bila kushangaza mtu. Kidato cha Tano hakwenda. Baba yake ana mikarafuu, na mwaka ule mikarafuu haikuzaa. Kwa familia nyingi za Pemba mpango wa masomo ya mtoto huangalia msimu wa karafuu kabla ya kuangalia kalenda ya wizara. Akachagua njia ya kupata kazi mapema: stashahada ya uhandisi mitambo katika Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Karume, Mbweni. Kutoka hapo akaingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa sifa linganifu, akamaliza miaka 4 ya shahada ya kwanza, akaajiriwa, kisha akarudi Dar kwa shahada ya uzamili kuhusu upitishaji wa joto katika mabomba.

Ukiipanga njia hii kwenye wasifu inaonekana ya kuzunguka. Lakini inampa mtu kitu ambacho wanaopita Kidato cha Sita moja kwa moja hukikosa: mikono. Anajua kukereza chuma, anajua kuchomelea, na anajua kwamba kipimo ni kifaa kilichofungwa mahali fulani na mtu fulani, na kinaweza kufungwa vibaya.

Ushahidi ulikuwa ndani ya faili lenyewe, katika ripoti yake ya mafunzo kwa vitendo ya wakati wa stashahada, kurasa chache zenye mchoro wa mkono. Mafunzo hayo aliyafanyia Wawi, Chake Chake, kwenye kiwanda kinachokeneka mafuta ya makonyo, yaani vikonyo vya karafuu. Mvuke hupitishwa katikati ya makonyo, hubeba mafuta, hupozwa, na mafuta hutengana na maji. (Mafuta ya karafuu ni mazito kuliko maji, hivyo hukaa chini, wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza hubisha kila nikiwaambia.) Yeye alifunga thamokapo mbili, yaani vipima joto vya waya, kwenye njia ya mvuke ili ajue joto lake, na mbili hizo hazikukubaliana. Mwanafunzi wa kawaida huchukua wastani, huandika jibu moja, na husonga mbele. Huyu alizichomoa. Akakuta ncha ya moja iligusa ukuta wa chuma. Akaandika sentensi ambayo niliipigia mstari: “Usomaji wa pili ni sahihi, ila si wa mvuke.”

Alikuwa bado hajaisikia nadharia hata moja ya mwendo wa haipasoniki.

Upungufu nao upo, na kamati ilikuwa na haki ya kuuliza. Mtiririko wa hewa inayogandamizwa, yaani hewa iendayo kasi kiasi kwamba msongamano wake hubadilika njiani, katika shahada nyingi za uhandisi mitambo hupewa nafasi ndogo mwishoni mwa somo jingine. Nadharia ya uthabiti wa mtiririko hakuwa ameisoma kabisa, na programu za kompyuta alijifunza ukubwani. Ripoti ya mwaka wa kwanza ya msimamizi wake inasema hivyo waziwazi: alimkalisha darasa moja na wanafunzi wa uzamili, akafanya mitihani yao. Ripoti ya mwaka wa pili haitaji upungufu huo tena. Mzigo uliomzidi mtu haushi hivyo.

Kinachofanyika ndani ya handaki

Mjumbe mmoja aliniuliza kama kijana anaunda roketi. Nilimpigia simu mwenyewe. “Maalim,” alinijibu, “mimi napima joto kwenye plastiki.” Jibu ni la kweli kabisa, na linahitaji maelezo.

Mwendo wa haipasoniki ni ule wa kuanzia takriban mara 5 ya kasi ya sauti, au Mach 5, kipimo kilichopewa jina la mwanafizikia wa Austria, Ernst Mach. Mpaka huo wa 5 wamekubaliana tu wataalamu. Hewa yenyewe haiujui. Kinachobadilika polepole tunapopanda ni kwamba tatizo kubwa linaacha kuwa ukinzani na linakuwa joto. Chukua chombo kinachokwenda Mach 6 kwenye kimo cha kilomita 30. Huko hewa ina baridi ya nyuzi joto 47 chini ya sifuri, na Mach 6 ni kama kilomita 1.8 kwa sekunde. Kwa mwendo huo mkondo wa kilomita 50 hivi ulio baina ya Unguja na Pemba unavukwa chini ya nusu dakika. Hewa inayogota kwenye pua ya chombo hicho, kwa hesabu rahisi ya gesi isiyobadilika tabia, hufika karibu nyuzi joto 1,580. Aluminiamu huyeyuka kwenye 660.

Mtu anayetaka mfano wa madhara aangalie ndege ya majaribio ya Marekani, X-15. Tarehe 3 Oktoba 1967 rubani William Knight aliifikisha Mach 6.7. Chini ya mkia ilibeba injini ya bandia iliyoning’inizwa kwenye kiunzi. Wimbi la mshtuko lililotoka kwenye injini hiyo lilikutana na wimbi la kiunzi, na pale yalipokutana joto likapanda kiasi cha kutoboa chuma. Injini ya bandia iling’oka kabla ya kutua. Ndege iliyobeba hesabu nzuri ya joto la jumla iliungua mahali padogo ambapo hesabu haikupatazama.

Utafiti wa kijana wetu ni wa namna hiyo: joto litapanda wapi. Karibu kabisa na uso wa chombo kuna tabaka jembamba la hewa iliyopunguzwa mwendo kwa kugusana na uso huo. Ludwig Prandtl wa Ujerumani alilieleza mwaka 1904 na mpaka leo ndilo linaloitwa tabaka la mpakani. Tabaka hilo linaweza kwenda kwa utulivu au kwa msukosuko. Nani hapa hajautazama moshi wa udi ukitoka kwenye chetezo chumbani ambamo feni imezimwa? Hupanda wima kama uzi, kisha ghafla, bila kuguswa na kitu, huvurugika na kujikunja. Hewa kwenye uso wa chombo cha Mach 6 hufanya vivyo hivyo, na mahali inapovurugika joto linaloingia kwenye uso huongezeka mara kadhaa. Mhandisi anayejua mahali hapo ataweka kinga pale tu. Asiyejua ataweka kinga kila mahali, na chombo kitakuwa kizito mno kuruka.

Osborne Reynolds alionyesha mgeuko huu, wa kutoka utulivu kwenda msukosuko, kwa rangi ndani ya bomba la maji, Manchester, mwaka 1883, na bado hakuna kanuni moja ya kuutabiri. Katika mwendo wa Mach 6 chanzo chake kikuu mara nyingi ni aina ya mawimbi ya sauti yanayonaswa ndani ya tabaka la mpakani, yakienda na kurudi baina ya uso na sehemu ya juu ya tabaka, yakikua mpaka yanapasuka kuwa msukosuko. Leslie Mack wa Marekani ndiye aliyeyaeleza kwa hesabu, na huitwa mawimbi ya aina ya pili. Masafa yake, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde, yanakadiriwa kwa kugawa mwendo wa hewa kwa mara mbili ya unene wa tabaka. Tabaka la milimita 2 na mwendo wa mita 850 kwa sekunde hutoa kilohezi 212, zaidi ya mara 10 ya upeo wa sikio la binadamu.

Anapimia ndani ya handaki la upepo, yaani bomba la maabara ambamo hewa hupitishwa kwa kasi kubwa juu ya kielelezo cha chombo, na kielelezo chake ni koni ya plastiki. Koni hiyo ina nusu-pembe ya nyuzi 7, umbo ambalo maabara nyingi duniani hulitumia kwa makusudi ili matokeo yalinganishwe. Anachobadilisha ni pua. Pua ikichongwa kali kabisa, mgeuko unatokea mapema. Ikiviringishwa kidogo, mgeuko unasogea nyuma, jambo zuri. Akili ya kawaida inasema basi iviringishwe zaidi, na hapo mambo yanageuka: ikizidi kiasi fulani, mgeuko unaanza kurudi mbele. Kenneth Stetson aliliripoti hilo mwaka 1983 kwa majaribio ya Mach 6, na sababu yake inabishaniwa hadi leo. Tasnifu ya kijana inauliza kugeuka huko kunaanzia wapi katika handaki lao, na nini kinakuzwa pale ambapo mawimbi ya aina ya pili yamedhoofika.

Na plastiki je? Mwenyekiti wa kamati alidhani nimekosea kuandika. Handaki lao ni la aina aliyoibuni Mjerumani Hubert Ludwieg katika miaka ya 1950: bomba refu linajazwa hewa yenye mgandamizo mkubwa, valvu inafunguliwa kwa ghafla, na kwa sehemu ndogo ya sekunde, wakati wimbi la kulegea, yaani la kushuka kwa mgandamizo, linasafiri mpaka mwisho wa bomba na kurudi, hewa inatoka kwa hali isiyobadilika. Hapo ndipo vipimo vyote vinachukuliwa. Hewa hupashwa mpaka karibu nyuzi joto 200, si kwa ajili ya kuiga joto la angani bali isije ikageuka kimiminika. Inapotanuka hadi Mach 6 hushuka karibu nyuzi joto 215 chini ya sifuri, na katika baridi hiyo sauti yenyewe hutambaa, kwa hiyo Mach 6 ya humo ndani ni kama mita 900 tu kwa sekunde, nusu ya ile ya angani. Kwenye pua hewa hairudi zaidi ya zile nyuzi 200 ilizoanza nazo. Plastiki ngumu iitwayo PEEK huyeyuka kwenye 343. Inavumilia, na kwa kuwa haipitishi joto kwa urahisi, alama ya joto hubaki pale pale ilipoingia badala ya kusambaa kama inavyosambaa kwenye chuma, na kamera ya joto huiona safi.

Kwa bei hiyo kuna kitu kinapotea. Angani, kwa mwendo mkubwa zaidi, molekuli za oksijeni huanza kutikisika na baadaye kuvunjika, na kemia hiyo haimo kabisa katika handaki baridi. Tasnifu inalikiri hilo katika sura ya kwanza, jambo nililolipenda. Nimesoma tasnifu za watu wakubwa ambazo hulificha katika sura ya sita.

Mlima usiohama

Sasa nifike kwenye kurasa zilizoniamulia.

Ripoti ya maendeleo ya mwaka wa pili ina grafu za masafa kutoka kwenye vitambuzi vya mgandamizo vilivyopachikwa kwenye koni. Katika grafu hizo wimbi likiwapo linaonekana kama mlima. Kijana alikuwa na mlima mzuri, mrefu, katika masafa yale yale ambayo nadharia ilitabiri. Ungeweza kuuweka kwenye makala na wengi wangepiga makofi. Yeye akapandisha mgandamizo wa handaki. Mgandamizo ukipanda, tabaka la mpakani hunywea. Likinywea, masafa ya mawimbi lazima yapande. Mlima haukuhama. Akapunguza. Haukuhama. Akaendesha vifaa vyote bila kufungua valvu, hewa imelala. Mlima ulikuwa pale pale: umeme wa kifaa kingine chumbani, ukiingia kupitia waya isiyofungwa ardhini sawasawa.

Akafuta majaribio yote ya kipindi hicho, akamwandikia msimamizi kabla hajaulizwa, akayarudia. Huko ndiko ilikokwenda sehemu kubwa ya muda ambao kamati iliuita kuchelewa. Kijana wa thamokapo ya Wawi na mtu huyu ni mmoja, na kama ningetakiwa kumteua mkufunzi wa maabara kwa kurasa mbili tu, ningechukua ile ya mchoro wa mkono na hii ya mlima usiohama, vyeti nikavirudisha kwenye bahasha.

Kuna jingine. Handaki lao lina kelele. Kuta zake zina tabaka la mpakani la msukosuko, nalo hupiga sauti inayoifikia koni na kuharakisha mgeuko. Mahandaki tulivu, kama la Chuo Kikuu cha Purdue huko Marekani, ni machache mno duniani. Kwa hiyo umbali anaoupima yeye hauwezi kuhamishiwa angani kama ulivyo. Kinachoweza kuhamishwa ni mwelekeo: kadiri pua inavyoviringika, mgeuko unakwenda wapi. Ameupata nusu yake. Pua kali na pua zenye mviringo mdogo amemaliza, na mgeuko umesogea nyuma kama ilivyotarajiwa. Pua kubwa, zile za upande ambako jambo linageuka, zinasubiri zamu ya handaki, ambalo hutumiwa kwa foleni na wanafunzi wengine. Bila nusu hiyo mtahini yeyote mwenye kumjua Stetson ataanza na swali hilo, na kijana hatakuwa na la kusema.

Makombora na vipaumbele

Hofu ya silaha si ya kijinga. Urusi ilitangaza kuingiza kazini Avangard, silaha yake ya haipasoniki, Desemba 2019, na China na Marekani zina vyao. Anayejidai kwamba elimu hii haina upande huo anadanganya. Lakini elimu hii hii ndiyo inayorudisha watu kutoka angani wakiwa hai, na kushindwa kwake kulionekana tarehe 1 Februari 2003, chombo cha anga cha Marekani, Columbia, kilipovunjika angani na wanaanga 7 wakafa kwa sababu hewa ya moto iliingia kwenye tundu la bawa la kushoto.

Tena Uingereza yenyewe imeshauliza swali la kamati. Tangu 2007 ina mpango wa kuwakagua wanafunzi wa kigeni katika fani kama hii, ATAS, na raia wa Tanzania hawamo miongoni mwa waliosamehewa. Muombaji huandika mada yake na historia yake ya masomo, na bila cheti hapewi viza ya kusoma mada hiyo. Nakala ya cheti chake ilikuwa kwenye faili, nyuma ya fomu ya mshahara. Koni ya nyuzi 7 imeandikwa kwenye majarida ya wazi kwa miongo. Hakuna siri atakayorudi nayo.

Kuhusu vipaumbele, mjumbe mmoja mwenye nia njema alinishauri niandike kwamba utafiti huu utasaidia kukausha mwani. Nilikataa. Joto ni joto, na mtu anayeweza kupima wimbi la kilohezi 200 ataweza kupima kikaushio cha mwani au chungu cha kukenekea makonyo, lakini hatukumpeleka kwa ajili hiyo na si haki kumvisha tasnifu kanzu isiyokuwa yake. Chuo kilimruhusu kwa sababu hakina mwalimu wa uzamivu wa thamodinamiki na mekanika ya hewa, na wanafunzi wake wanajifunza upimaji kwenye ubao. Hilo ndilo pengo, nalo halijali koni ilikuwa ya Mach ngapi.

Hesabu ya muda nayo ilikuwa na kasoro iliyo nyepesi kuirekebisha. Uzamivu wa Uingereza kwa kawaida ni miaka 3 hadi 4. Ruhusa aliyopewa ni miaka 3 kamili, ikihesabiwa tangu alipokabidhi ofisi, kabla hata ya cheti na viza kutoka. Kwa kalenda ya chuo chake cha huko, bado yuko ndani ya muda.

Niliandika wampe miezi 9, kwa sharti kwamba atume ripoti kila baada ya kampeni ya majaribio, na akirudi asimamie maabara ya vipimo kabla ya kupewa somo la nadharia. Kamati iliondoa pingamizi la pili na la tatu. La kwanza ililiacha kwenye kumbukumbu za kikao, na ikakubali miezi 6. Zamu yake ya pili ya handaki, kwa barua ya msimamizi, inaanza mwezi wa tano. Atakuwa na wiki chache za kuendesha pua kubwa, na tasnifu ataiandikia Unguja jioni baada ya vipindi, mbali na watu wa kuwauliza. Mwenyekiti anasema inatosha, kwani data akishaipata ni yake. Mimi nimemuandikia tena kwamba data ya aina hii huzaa mlima mwingine usiohama, na hapo itabidi mtu aendeshe handaki upya. Barua hiyo bado haijajibiwa.